Kama imepangwa, mbona nimekasirika? Jibu kwa dada aliyezima TV

Swali lake nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mimi Raw, ile shoo ya mieleka ya WWE, sikosi, kila wiki naangalia. Wiki iliyopita mtu wangu alikuwa keshashinda kabisa, refa kageuka upande, akaja rafiki wa yule adui akampiga kiti cha mgongo, akalala, moja mbili tatu, kwisha habari. Nilichukia nikazima TV palepale. Shemeji yangu kanicheka, eti nawakasirikia watu waliopangiwa nani ashinde tangu mchana. Nikakosa jibu. Sasa kaka, kama imepangwa tunaangalia nini hasa? Na nitajuaje shoo ya wiki ilikuwa nzuri au mbovu, maana mimi mtu wangu akishinda naona nzuri, akipigwa naona mbovu."

Dada yangu, tuanze na shemeji. Yuko sahihi, imepangwa, na wala sio siri ya kumshangaza mtu. Mwaka 1989 kampuni yenyewe ya WWE, enzi hizo ikiitwa WWF, ilienda mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey ikasema kwa mdomo wake kwamba hii ni burudani, kwa sababu ilitaka kutolewa kwenye usimamizi na makato ya michezo ya kweli. Kwa hiyo akikuletea tena hiyo hoja kama vile kagundua madini, mwambie amechelewa miaka thelathini na kitu. Ila swali lako la tunaangalia nini ni zuri kuliko kejeli yake, na jibu lake nzuri ninalolijua mimi lilitolewa na watazamaji wenyewe kwa rimoti, usiku wa tarehe 4 Januari 1999.

Enzi hizo Marekani kulikuwa na shoo mbili za mieleka zinagombania Jumatatu, saa zilezile, Raw ya WWF na Nitro ya kampuni pinzani, WCW, na Nitro ilishawahi kuiburuza Raw kwa watazamaji wiki 83 mfululizo. Usiku huo Nitro ilikuwa laivu kutoka Georgia Dome kule Atlanta, ila Raw ilikuwa imerekodiwa siku kadhaa nyuma huko Worcester, Massachusetts, maana yake WCW matokeo ya jirani walikuwa nayo mkononi. Bosi wao Eric Bischoff akaona hapa ndo pa kuwamaliza. Mtangazaji Tony Schiavone akaambiwa atoboe siri hewani, akatoboa, akasema kule leo Mick Foley anachukua mkanda wa ubingwa, akamalizia kwa dharau kwamba eti hilo ndo litajaza watu kwenye viti. Kilichofuata ni kwamba watu mamia ya maelfu waliikimbia Nitro wakahamia Raw.

Hebu irudie hiyo taratibu. Matokeo wameshaambiwa, na wakaenda KWA SABABU wameambiwa. Foley alikuwa jamaa kibonge asiye na sura ya bingwa hata kidogo, sikio moja lilikatika baada ya kunaswa kwenye kamba za ulingo Munich mwaka 1994, na mwaka 1998 Undertaker alimtupa kutoka juu ya kizimba mpaka kwenye meza ya watangazaji. Mtu wa kupigwa, ndo kazi yake miaka yote. Sasa ukiambiwa huyo leo anakuwa bingwa, unachotaka sio kujua, ushajua, unataka uwepo. Unataka kuona uso wake mkanda ukigusa mkono. Na mechi ile ilipofika patamu ikapigwa ile sauti ya kioo kuvunjika, yaani muziki wa staa kipenzi cha watu, Steve Austin, anakuja, ukumbi ukalipuka kiasi kwamba mpaka leo wenye mapenzi na huu mchezo wanatafuta ile video kusikiliza kelele tu.

Huku kwenye Nitro usiku uleule, Kevin Nash ndo bingwa, anatakiwa kupigana na Hulk Hogan. Kengele ikalia, Hogan akamgusa Nash kifuani kwa kidole. Kidole kimoja dada. Nash akaanguka chali kama kapigwa radi, akahesabiwa, Hogan bingwa, wakacheka wakakumbatiana. Mashindano yote mawili yalipangwa, yote mawili mkanda ulihama, moja watu wanalikumbuka kwa mapenzi na lingine kwa aibu. Machi 2001 WCW ikauzwa kwa huyohuyo mpinzani wake. Sisemi kidole ndo kilichoiua, ile kampuni ilikuwa na magonjwa mengi, ila kidole kile kinanisaidia kukupa kipimo ninachotumia mimi.

Kipimo chenyewe ni hiki, kila kipande cha shoo kikiisha jiulize nani katoka mkubwa kuliko alivyoingia. Usiulize nani kashinda, hilo waandishi wa stori za shoo wameshajibu. Foley aliingia kama mtu wa kupigwa akatoka bingwa wa watu. Kule kwa kidole hakuna aliyetoka mkubwa, Nash kapungua, Hogan kapungua, mpaka mkanda wenyewe ukaonekana kama kipande cha bati.

Na hiki kipimo kinafanya kazi hata mtu akishindwa, hapo ndo pananoga. Februari 2019 kwenye SmackDown, shoo nyingine ya wiki ya WWE, kulikuwa na mechi ya foleni, wawili wanaanza, anayepigwa anatoka anaingia mwingine, hivyohivyo mpaka abaki mmoja. Nafasi ilikuwa ya Mustafa Ali, akaumia, wakamwingiza Kofi Kingston kuziba pengo. Kofi mzaliwa wa Ghana, yupo pale tangu 2008, kila mtu anampenda na hakuna anayemfikiria, unajua wale watu wa hivyo. Akaanza na bingwa mwenyewe, Daniel Bryan, akampiga. Akaingia Jeff Hardy, akampiga. Akaingia Samoa Joe, akampiga. Imepita zaidi ya saa nzima yuko ulingoni, jasho limemkausha, anasimama kwa kushika kamba, alafu akaingia AJ Styles na hapo ndo akaishia. Kapoteza. Kwenye karatasi imeandikwa kapoteza. Lakini ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na miezi miwili baadaye, tarehe 7 Aprili 2019, WrestleMania ya 35, ile shoo yao kubwa ya mwaka, kampiga Bryan kachukua mkanda mkubwa, bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Yule bingwa alizaliwa siku ile aliyopigwa na Styles, mkanda ulikuja baadaye kukamilisha karatasi.

(Alafu mwezi wa 10 mwaka huohuo SmackDown ikahamia Fox, wakataka usiku wa kishindo, wakamleta Brock Lesnar, Kofi akapigwa chini ya sekunde 10. Siku 180 za ubingwa zikaisha hivyo. Mimi hilo sijasamehe na sitajifanya nina maelezo ya kitaalamu, ilikuwa dharau tu. Lesnar alikuwa mkubwa tayari, hakuhitaji kile kimo.)

Sasa twende kwenye shoo ya wiki yenyewe, maana watu wengi wanaihukumu kama vile ni fainali. Raw ilianza Januari 1993 ikiwa saa moja tu, kwenye kaukumbi ka New York, Manhattan Center. 1997 wakaongeza ikawa saa mbili, 2012 wakaongeza tena ikawa tatu. Na haina likizo. Mpira unafunga msimu, tamthilia inafunga msimu, hii haifungi, Krismasi ipo, mwaka mpya ipo, kwa sababu pesa kubwa inatoka kwenye kuuza haki za kuonyesha, kila wiki ni mzigo wa kupelekwa. Tangu Januari 2025 Raw iko Netflix kwa mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya dola bilioni 5, sasa wewe piga hesabu kama utalipwa hela hiyo alafu useme wiki hii hatuna stori tunapumzika. Ndo maana wiki nyingi ni wiki za kati, za kusogeza mambo, na mwandishi anatakiwa akupe kitu bila kukimaliza, kama mpishi anayekuonjesha mchuzi huku sufuria kafunika. Wiki ya kati ikikupa vipande viwili vyenye mtu katoka mkubwa, hiyo shoo imefanya kazi yake. Ukisubiri kila wiki iwe kama WrestleMania utazima TV sana.

Kuna vitu vya kuangalia ukishavijua huwezi kuacha kuviona. Angalia matangazo yakikaribia, mechi ya kawaida ghafla wote wanatoka nje ya ulingo, mmoja anaruka juu ya kamba anamwangukia mwenzie sakafuni, watu kelele, kamera inavuta uso, tunarudi punde. Mkirudi utakuta adui kamkaba stelingi shingo wamekaa chini, wanapumua hao, na ndo wanapanga kinachofuata kwa kunong'onezana sikioni, alafu watu wanaanza kupiga makofi kwa mpigo na stelingi ananyanyuka taratibu. Refa naye ana kifaa sikioni, anaambiwa dakika zilizobaki, anawapelekea ujumbe akijifanya anamuuliza aliyekabwa kama anasalimu amri. Na ukimwona refa kakunja mikono juu ya kichwa kama herufi X, hapo mchezo umeishia, mtu kaumia kweli na anaita madaktari. Mpe shemeji hiyo moja bure.

Kingine ni kuzomea. Dada, ukumbi ukizomea kuna mambo mawili tofauti kabisa na yanafanana sauti. Kuna kumzomea adui kwa sababu unatamani apigwe, hiyo ni dhahabu, adui anayezomewa vizuri anauza tiketi kuliko stelingi. Alafu kuna kuzomea kwa maana ya ondoka, tumekuchoka, hatutaki kukuona hata ukipigwa. Roman Reigns ndo darasa la hili. Tarehe 2 Aprili 2017 alimpiga Undertaker kwenye WrestleMania, kesho yake akafungua Raw pale Orlando. Kasimama katikati ya ulingo na maiki. Ukumbi ukaanza. Ananyanyua maiki, kelele zinapanda, anashusha. Ananyanyua tena, wanaimba jina la Undertaker, anashusha. Wanamwimbia aondoke, anatabasamu kidogo, anatembea hatua mbili, anarudi. Karibu dakika 10 nzima hakuna neno lililotoka, kwenye televisheni, ambako sekunde 5 za ukimya watu wanafukuzwa kazi. Mwisho akasema sentensi moja, kwamba huu uwanja sasa ni wangu, akadondosha maiki akaondoka.

Ule ni usiku bora wa kipindi chake kile na hakufanya chochote. Miaka yote kabla ya hapo walikuwa wanamlazimisha awe stelingi anayetabasamu, watu wanamzomea ile zomea ya ondoka. Usiku ule, kwa dakika 10, alikubali kuzomewa, akaionja, na zomea ikageuka ya kutamani kumwona akipigwa. Ajabu wenye shoo hawakuiona mpaka 2020, walipomgeuza adui rasmi, na hapo ndo akakaa na mkanda siku 1,316. Ushabiki wa ukumbini ulikuwa umeshaandika stori miaka mitatu nyuma.

Na ndio maana nakwambia hasira yako sio ujinga, ni sehemu ya mashine. Mwanzoni mwa 2024 Cody Rhodes kashinda Royal Rumble, mechi inayompa mshindi nafasi ya kugombea ubingwa WrestleMania, anasubiriwa amalize deni lake na Roman, tarehe 2 Februari kwenye SmackDown akaja staa wa zamani The Rock, na Cody akaonekana anampisha nafasi ya kupigana na Roman, hivihivi. Watu walichachamaa. Kila ukumbi unaimba tunamtaka Cody, mtandaoni moto, na ndani ya siku 6, kwenye mkutano wa Las Vegas, Cody karudi kwenye nafasi yake, Rock kamzaba kibao, na kuanzia hapo Rock akawa adui mtamu kuliko vile angekuja kama shujaa. Tarehe 7 Aprili Cody akamaliza zile siku 1,316 za Roman. Huwezi kuuzomea mpira ukabadili bao. Hapa unaweza, sio kila siku, ila unaweza.

Tena usisahau kilichotokea watu walipokosekana kabisa. Machi 2020 corona imefunga kumbi, wakaanza kurusha kutoka kwenye kituo chao cha mazoezi Orlando bila mtazamaji hata mmoja. Unasikia viatu. Unasikia mtu anavyohema na sakafu ya mbao inavyolia mtu akitupwa, maana chini ya lile turubai ni mbao na vyuma na kasponji kembamba. Mastaa walewale, mapigo yaleyale, ila mtu aliyelaliwa akinyanyua bega kujiokoa refa akifika mbili na nusu, kabla ya tatu, hakuna anayeshtuka, na bila wa kushtuka lile bega halina maana yoyote. Mimi ndo nilielewa siku zile kwamba miaka yote nilikuwa naangalia ukumbi kama ninavyoangalia ulingo.

Halafu kuna ajali, na hapa neno kupangwa linaanza kuyumba. Novemba 2018, Raw ya Kansas City, wanawake wa SmackDown wamevamia, vurugu ulingoni, Nia Jax akarusha ngumi iliyotakiwa ipite karibu na uso wa Becky Lynch. Haikupita. Pua ikavunjika, damu mpaka kidevuni, na kichwa kikatikisika kiasi kwamba alitolewa kwenye mechi kubwa na Ronda Rousey iliyokuwa siku sita mbele. Kwa mpango wa karatasi ile ni hasara tupu. Lakini Becky alipanda katikati ya watazamaji akasimama kwenye ngazi kafungua mikono, uso mzima damu, anacheka, ile picha ikazunguka dunia. Miezi mitano baadaye yeye, Rousey na Charlotte wakafunga WrestleMania ya 35, mara ya kwanza wanawake kufunga shoo ile, na Becky akaondoka na mikanda miwili. Hakuna mwandishi aliyeandika ile pua.

Mwezi mmoja kabla yake, Oktoba 2018, ndo Roman huyuhuyu aliingia Raw kavaa nguo za kawaida, akasema jina langu la kweli ni Joe, nimeishi na saratani ya damu miaka 11 na imerudi, akaweka mkanda chini. Ukumbi uliokuwa unamzomea miaka ukaanza kumshukuru. Pale juu jukwaani wenzake Seth Rollins na Dean Ambrose wakamkumbatia, na ile haikuwa ya kuigiza. Na usiku uleule, kwenye shoo ileile, Ambrose akamgeuka Rollins kwa mpango kabisa wa waandishi, mara tu baada ya kushinda pamoja. Watu walilia mara mbili kwa siku moja, mara ya kwanza kwa ugonjwa wa kweli na ya pili kwa usaliti wa kutunga, na nakuhakikishia machozi hayakuuliza tofauti. Shemeji akitaka mstari wazi kati ya kweli na igizo kwenye huu mchezo, mpe usiku huo auchore mwenyewe.

Sasa mtu wako. Kwa maelezo yako alikuwa keshashinda, refa kageuka, kiti cha mgongo kutoka kwa mtu wa tatu. Dada, huko ndani hiyo wanaita kumlinda. Wangetaka kumshusha wangempigisha katikati ya ulingo, macho kwa macho, bila kiti, bila msaada, kama Kofi kwa Lesnar. Waliposema ili huyu apigwe inabidi wawili na kiti, wamekwambia mmoja peke yake hamuwezi. Katoka mkubwa huyo. Ungeniambia kapigwa kihalali na mtu ambaye wiki iliyopita nae kapigwa na kila mtu, ningekwambia anza kuaga mapema.

Tena umezima palepale kwenye tatu, na kitu unachokitaka kinakuja baada ya tatu. Angalia kamera inabaki na nani mwisho. Ikibaki na adui anacheka na mkanda juu, wiki ijayo bado mnapanda mlima. Ikirudi kwa mtu wako yuko chini, kanyanyua kichwa, anamwangalia yule mwenye kiti anavyoondoka, hiyo ni hati ya deni imeshasainiwa. Itafute video uone sekunde 20 ulizozikosa, alafu uniambie kamera ilibaki na nani.

Na shemeji usibishane naye. Mwekee zile dakika 10 za Roman Orlando, usimwambie ni nini, rimoti ikae kwako. Akiuliza hata mara moja "huyu ataongea lini?", usimjibu, mwache aendelee kuangalia.